Mgane wa Ukutani

Pale ukumbini kwetu, mwanamume aliyekuja dansini peke yake aliitwa nguzo. Neno hilo nililikuta. Wazee walikuja nalo kutoka kwenye madansi yao ya ujana, enzi za suruali pana na viatu vya soli nene, wakalitunza London kama mtu anavyotunza sufuria ya mama yake. Ukiingia bila mwanamke unakwenda kusimama ukutani, mgongo umeegemea, mikono nyuma, kana kwamba ukiondoka dari itashuka. Leo ukimwita kijana nguzo atakushukuru, atadhani umemsifu kuwa tegemeo la ukoo. Wazee wetu walikuwa na maana moja tu: huyu hana mtu, mwacheni asimame pale.

Ukumbi wenyewe uko nyuma ya kanisa moja Tottenham, una sakafu ya mbao na harufu ya supu waliyopika waumini asubuhi. Dansi lilikuwa Jumapili moja kila mwezi, saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili, maana wazee wana magoti, na wengine Jumatatu wana shifti ya alfajiri. Mlangoni alikaa mama mmoja Mkenya, nesi mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Siku yangu ya kwanza alinitazama kuanzia viatu.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Basi wewe ni nguzo. Uko na bibi nyumbani?"

"Bibi yangu yuko Tanga, mama. Ana miaka themanini na moja."

Alicheka mpaka miwani ikaanguka kifuani. "Woi! Mimi nauliza mke, wewe unaniletea nyanya yako! Una mke ama huna?"

"Sina."

"Ingia. Lakini sikiza sheria ya hapa: mume wa mtu hasimami ukutani."

Sheria hiyo ilikuwa na kisa chake. Palikuwa na bwana mmoja, zamani kidogo, aliyekuja kila mwezi peke yake akisema mke wake amechoka. Mwezi mmoja mke akaja, hakuchoka hata kidogo, akamkuta mumewe amemkumbatia mwanamke wa watu katikati ya sakafu. Chai ilimwagwa siku ile, na viti vikavunjwa. Tangu hapo ukuta ukawa wa aina mbili za wanaume tu: kapera, na mgane, yaani aliyefiwa na mke. Mwenye mke aje naye au abaki naye.

Nguzo haombi dansi. Huo ndio utaratibu niliopenda kuliko wote, kwa sababu mimi ni mwoga wa kuomba. Unasimama. Kila baada ya nyimbo tatu nne, yule mama wa mlangoni anapiga kijiko kwenye glasi na kuita, "Nguzooo!" Hapo kina mama ambao waume zao wameshaketi wakisugua magoti wanakuja ukutani kuchagua. Mara ya kwanza nilichaguliwa na mama mnene wa Arusha, akaniambia, "Mwanangu, usitazame miguu, haitapotea." Nilimkanyaga mara mbili. Akasema, "Basi itazame kidogo."

Kwenye ukuta ule, karibu na hita ya dirisha la pili, palikuwa na mzee mmoja. Nitamwita Mzee, hivyo ndivyo nilivyomwita. Alikuwa mtu wa Dar es Salaam, fundi wa suti tangu ujana, na koti lake la kahawia lilimkaa kama alizaliwa nalo. Kina mama walimgombania. Kijiko kikigonga glasi, wawili watatu walimwendea kwa pamoja, naye akiinama kidogo na kusema, "Mmoja mmoja, dada zangu, roho ni moja." Alikuwa mgane wa miaka mitatu. Kila mtu alijua. Na nyimbo nyingine zikipigwa, za taratibu sana, hakucheza na yeyote, alitazama dirishani, na kina mama walisema, "Mwacheni, anamkumbuka mwenziwe."

Alinionea huruma kwa vile vidole nilivyovikanyaga. Akanichukua kwenye korido, penye makoti, akanifundisha. Yeye alicheza upande wa mwanamke. Aliweka mkono wangu mgongoni kwake akasema, "Humsukumi. Unamwonyesha mlango, akitaka ataingia." Nilicheka, yeye hakucheka. Kila mwezi tuliwahi nusu saa kabla ya watu, tukazunguka kati ya makoti, mimi na mzee wa miaka sabini na kitu, tukihesabu kwa midomo. Baba yangu mimi alituacha nikiwa darasa la nne. Sijawahi kuambiwa na mwanamume mzima, "Hapo sawa, rudia." Mzee aliniambia hivyo karibu mwaka mzima.

Nilimwambia habari zangu zote. Nilimwambia shule niliishia kidato cha pili, nilimwambia ndoto yangu ya kufungua siku moja mgahawa wenye sakafu ya kuchezea, meza pembeni, watu wale kisha wainuke. Nilimwambia nafanya kazi ya kulea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Hakuniuliza ni nyumba ipi. Wakati ule sikuona kitu. Nilidhani ni adabu.

Mwezi mmoja alinikuta kwenye makoti akasema taratibu kwamba keshokutwa mama watoto atatimiza miaka mitatu tangu atangulie. Sauti yake ilikatika. Mimi nina moyo wa maandazi, ukiugusa unabonyea. Jumanne, baada ya shifti, nilikwenda kwa ustadhi mmoja anayesomesha watoto juu ya duka la nyama, nikamwomba tumsomee marehemu khitma. Nilinunua tende na haluwa, na sambusa nilikaanga mwenyewe. Wakaja watu tisa. Ustadhi aliuliza jina la marehemu, nikagundua silijui. "Mke wa Mzee wangu," nikasema. Ustadhi akasema, "Mungu anamjua." Tukasoma. Nililia, na simjui hata sura.

Jumapili ya dansi iliyofuata nikamwambia, "Mzee, tulimsomea mama khitma. Tulikuwa watu tisa, na walisoma vizuri."

Alifunika uso kwa mikono yote miwili. Nikamshika bega, nikafurahi moyoni, maana nilijua sasa mimi ni mwanawe.

Kwa hiyo yalipofika yangu, nilimwendea yeye.

Yangu yalikuwa hivi. Kazini nilikuwa nikitumwa kuchukua dawa za wazee, na kwenye duka la dawa kuna binti. Wazazi wake ni watu wa Pemba, yeye amezaliwa hapa hapa Tottenham. Kiswahili chote anakisikia, anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika sana linamtoka neno moja la Kipemba ambalo hata mama yake anasema kalisikia wapi. Miezi saba nilipokea dawa kwa mikono yake. Tulikunywa chai mara kadhaa, mchana, mezani, mbele za watu. Akaniambia baba yake hataki kijana aje kubisha hodi mwenyewe kama mwuza mashuka. Aje na mshenga. Mtu mzima, mwenye mvi, ambaye akiweka neno lake mezani halitikisiki.

Mama yangu kwenye simu alisema vivyo hivyo. "Posa haiendi kwa simu, mwanangu. Huko kwenu hakuna mtu mzima?"

Alikuwapo. Nilimwomba penye makoti. Mzee alikunja kitambaa chake cha mfukoni mara nne, akakirudisha, akasema, "Mimi ndiye baba yako hapa. Nitakusemea." Siku ile nilipanda basi lisilo langu, nikafika mbali sana huku natabasamu dirishani. Tukapanga Jumapili isiyo ya dansi. Binti akawaambia kwao. Mama yake akaanza kuuliza napenda nini.

Wiki chache kabla ya Jumapili hiyo, kazini tulipokea mama mpya. Mswahili. Meneja alinifuata akifurahi, maana yule mama alikuwa amesahau Kiingereza chote. Maradhi yalikuwa yamekifuta, yakaacha Kiswahili peke yake. "Wewe ndiye bahati yetu," meneja akaniambia. Nikapewa mimi.

Alikuwa mdogo wa umbo, mcheshi, kichwa kimechanganyikiwa lakini adabu zote zipo. Nikimletea uji alisema, "Karibu tule." Kila siku. Nami kila siku nilisema, "Nimeshiba, mama, kula wewe," naye akala. Wenzangu walishangaa, kwa sababu mikononi mwao alikuwa anafunga mdomo. Siri haikuwa kubwa: alisubiri kukaribisha. Hawezi kula mbele ya mtu bila kumkaribisha, na mtu asipomjibu, atakulaje? Aliniita kila jina. Siku nyingine mimi ni mdogo wake, siku nyingine ni mpangaji.

Alhamisi, siku tatu kabla ya posa, mwenzangu wa mapokezi akanipigia: mume wa yule mama, ambaye siku zote alikuja nikiwa sipo kazini, amekuja kumwona, nimpeleke. Nikajifuta mikono, nikashuka. Amesimama mbele ya daftari la wageni, anaandika, mgongo kwangu. Koti la kahawia.

Nilidhani amenifuata mimi. Wallahi, hilo ndilo lililonijia kwanza: Mzee amekuja kunitazama kazini! Nikaita kwa furaha, "Mzee!" Akageuka. Mkononi ana mfuko wa ndizi mbivu. Macho yangu yakashuka kwenye daftari. Penye safu ya uhusiano alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri wa mtu wa kupima nguo: mume.

Mwenzangu wa mapokezi akasema nimwongoze. Nikamwongoza. Kwenye ngazi nilisikia viatu vyake nyuma yangu, na hata viatu nilivijua.

Nikafungua mlango. Mama akatutazama sote wawili, uso ukachanua. "Ee, mmekuja pamoja!" Kisha akanishika mkono, akamwonyesha Mzee kwa kidevu. "Unamjua huyu? Huyu ni kaka yangu. Mkubwa wangu."

Mzee akaweka ndizi mezani. "Hujambo, mama."

"Sijambo, kaka. Karibu tule."

Nikatoka, nikaegemea ukuta wa korido. Nilihesabu kichwani. Alipokuwa akinifundisha kugeuka kati ya makoti, mwanamke huyu alikuwa nyumbani, mbele ya televisheni, na jirani anamwangalia, ndivyo faili lake lilivyosema. Watu tisa. Tende. Nilimwombea apanuliwe kaburi lake.

Alipotoka nilimngoja.

"Mzee, si ulisema amefariki?"

"Punguza sauti."

"Nilimsomea khitma!"

"Najua." Alitazama chini, kwenye zulia la korido. "Bwana mdogo, wewe umemwona. Ananiita kaka. Miaka mitatu sasa. Asubuhi ile ya kwanza aliamka akaniuliza mume wangu yuko wapi, nikasema ni mimi, akapiga kelele, akasema mwizi. Sasa niambie, nani kafa? Kwake yeye, marehemu ni mimi."

Hilo lilinichoma, sitasema uongo. Kama angeniambia hivyo penye makoti, mwaka ule mzima, ningemkumbatia. "Kwa nini hukumwambia mama wa mlangoni ukweli?"

"Angeniambia nini? Mume wa mtu hasimami ukutani. Ningerudi nyumbani. Mara moja kwa mwezi, mwanangu. Kwa saa nne tu. Mtu ananishika bega na anajua anamshika nani."

"Na mimi je? Mimi si mama wa mlangoni."

Akashika kitasa cha mlango wa ngazi, kisha akageuka, na sauti yake ikawa nyingine, kavu. "Kumbuka na wewe kazi yako ina sheria. Ya humu hayatoki nje."

Nilikaa Ijumaa na Jumamosi na jambo hili kifuani. Ningeweza kumwambia binti. Nilishika simu mara nyingi. Lakini nilijiambia: nikimwambia, baba yake atasema mshenga mwongo, posa inafutwa, na mshenga mwingine nitampata wapi. Kwao wameshanunua nyama. Jumamosi jioni nikampigia Mzee badala ya kumpigia binti. Nikasema, "Kesho twende. Ombi langu ni moja. Usimtaje mkeo. Usiseme yuko hai, usiseme kafa. Usimtaje kabisa."

"Sitamtaja," akasema. "Nimekupa neno langu."

Nyumba yao ni ghorofa ya tatu kwenye majengo ya kaunsili. Ngazini kulikuwa na harufu ya bizari na ya rangi mpya. Baba mtu alitupokea kwa kanzu na kofia ya viua, ile yenye vitundu vya kudariziwa, mtu mrefu, mpole, aliyefanya kazi ya ofisi miaka yote na bado anakaa wima kama yuko kwenye dawati. Mama mtu akatusalimia kutoka jikoni. Binti sikumwona, alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, na niliona vidole vyake vya miguu chini ya pazia. Vilikuwa vinachezacheza. Nikajisikia nina bahati kuliko watu wote wa London.

Mzee alianza vizuri mno. Alisalimia, aliuliza hali za Pemba, alisifu kofia, akataja mshono wake kwa jina. Baba mtu akafurahi. Kisha Mzee akaweka mikono magotini, akasema, "Sheikh, nimekuja na kijana wangu. Hana kitu kikubwa, ila ana moyo, na mimi nimemlea kwa mwaka mmoja kama wa kuzaa."

"Alhamdulillahi. Na wewe mwenyewe, mzee mwenzangu, uko na watu wako hapa? Mama watoto hajambo?"

Niliangalia sahani ya visheti. Nilisema moyoni, sema hajambo. Neno moja tu, nalo ni kweli, mchana ule alikuwa hajambo.

Mzee akatoa kitambaa. "Mama watoto alitangulia, Sheikh. Mwaka wa nne huu."

"Inna lillahi."

"Na huyu kijana," akaniwekea mkono begani, mkono ule ule, "kwa wema wake, bila kumjua, alimsomea khitma. Watu tisa. Ndipo nikajua huyu ni mwanangu."

Mama mtu akatoka jikoni, macho yamelowa. "Masikini! Kijana mwenye imani." Pazia likatikisika. Nilikuwa nimeshinda. Nyumba nzima ilikuwa yangu wakati ule, na nilishinda kwa tende zile.

Baba mtu akasema, "Basi kabla ya neno lolote, tumsomee Fatiha marehemu." Akainua mikono. Mama mtu akainua. Mzee akainua, akafumba macho.

Mimi yangu ilibaki mapajani. Nawaapia sikupanga. Asubuhi ile nilikuwa na shifti fupi. Nilikuwa nimempa uji, na aliponikaribisha nilionja kijiko kimoja ili afurahi. Ladha ya iliki ilikuwa bado iko mdomoni.

Baba mtu akafika mwisho, akajipangusa uso, akaniona. "Kijana, mbona husomi?"

"Yu hai," nikasema.

"Nani?"

"Mke wake. Yu hai. Nimempa uji leo asubuhi."

Jikoni kitu kilikuwa kinachemka na hakuna aliyekwenda kukipunguza. Mzee alikunja kitambaa chake, moja, mbili, tatu, nne. Akainuka bila kunitazama. "Sheikh, samahani kwa usumbufu," akasema. Mlangoni alivaa viatu kwa taratibu, akifunga kamba kama mtu asiye na haraka yoyote.

Tulipobaki, nilianza kueleza. Nilieleza kila kitu, ukuta, makoti, daftari, kaka. Nilidhani nimefanya jambo kubwa. Baba mtu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole:

"Umejua tangu lini?"

"Alhamisi."

Akahesabu kwa vidole, hakuharakisha. "Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi. Leo ni Jumapili, na umemleta, umemkalisha kwenye kiti changu." Akaisogeza sahani ya visheti pembeni. "Kusema umesema, mwanangu, na Mungu akulipe. Lakini umesema ulipobanwa. Na ungeweza kunijia peke yako. Ningekukaripia, halafu ningekufungulia."

Mama mtu alinifungia chakula, maana chakula kimeshapikwa na mgeni hatoki mikono mitupu. Hilo liliniliza kuliko maneno.

Usiku sikulala, alfajiri nikakuta ujumbe wa binti. Kwa mara ya kwanza aliniandikia kwa Kiswahili, na herufi nyingine zimekosewa. "Miezi saba nakupa dawa za watu, najua siri za nusu ya mtaa na sijasema. Mimi ungeniambia. Kwa nini ulimpigia yeye?" Nilijibu kwa ujumbe mrefu sana. Aliusoma. Hajajibu mpaka leo ninapoandika, na duka la dawa sasa anatumwa mwenzangu.

Basi nilidhani nimefika chini ya kisima. Jumatano meneja akaniita ofisini. Ni mwanamke mwema, alinipa kiti na maji. Mezani palikuwa na barua ya malalamiko kutoka kwa mume wa yule mama. Iliandikwa vizuri. Ilisema mfanyakazi, akatajwa mimi, ametangaza habari za mgonjwa nyumbani kwa watu baki, mbele ya mashahidi.

"Ni kweli?" meneja akauliza.

Nilitaka kusema mengi. Nilitaka kusema alinifundisha kucheza. "Ni kweli," nikasema.

Hakunifukuza. Alisema anajua roho yangu, lakini sheria ni sheria na familia imeomba. Nikasaini kwamba sitaingia chumba kile wala kumhudumia yule mama. Nikahamishiwa chumba cha kufulia, chini, mashine nane na mvuke.

Nilijaribu kuwaambia wenzangu lile jambo la kukaribisha. Niliwaandikia kwenye karatasi: akisema "karibu tule," jibuni "nimeshiba, mama." Walijaribu, masikini, walisema kwa lafudhi zao, na yeye aliwatazama kama watu wanaomtania. Akaanza kukonda. Kwa hiyo meneja akamwomba mume aje saa za chakula. Na anakuja. Kila siku, mara mbili, Jumapili zote zikiwamo. Kwenye dansi hajaonekana tena. Na mama wa mlangoni aliponiuliza Mzee wetu yuko wapi, nilisema sijui. Nilikuwa nimeshajifunza gharama ya kusema, na bado sikujua kama kule kunyamaza kulikuwa wema au woga. Sikurudi tena ukumbini.

Juzi nilipandisha mashuka safi kwa kigari. Mlango wa chumba kile ulikuwa wazi kiasi. Mzee amekaa kitandani, koti amelitundika kwenye kiti, mikono ya shati imekunjwa. Anamlisha vibaya, haraka haraka, na kijiko kimejaa mno, lakini anamlisha. Akimaliza kijiko anamfuta kidevu kwa kile kitambaa. Nilisimama na mashuka yangu. Sikuwa na hasira wakati ule, nilitaka tu kuingia nimwonyeshe, nusu kijiko, Mzee, nusu, halafu mngoje.

Mama akasukuma mkono wake. "Kaka, yule kijana wangu wa uji yuko wapi?"

Mzee aliniona. Tulitazamana pale kwenye upenyo wa mlango, na hakuna mtu mwingine London nzima aliyejua tunachojua sisi wawili. Nilifikiri ataniita. Nilikuwa tayari kuvunja ile saini.

"Amerudi kwao," Mzee akasema. "Tanga. Amekwenda kuoa."

"Eh." Mama akafikiri, uso ukainama. "Na hata kuniaga hakuniaga."

Nikasukuma kigari. Gurudumu moja linalia, hivyo lazima walinisikia nikienda mpaka mwisho wa korido.